Chupa Tatu za Riesling: Jinsi ya Kununua kwa Bei Nafuu, Kuonja na Kuoanisha na Chakula

Wapo watu wanaoukwepa mvinyo mweupe wa Riesling kwa sababu waliwahi kuonjeshwa chupa tamu kama sharubati wakaapa kutorudia, na wapo wanaouogopa kwa sababu wamesikia kwamba chupa mashuhuri za Ujerumani huuzwa kwa mamia ya yuro. Wote hao wanapitwa na kilichopo katikati, yaani chupa za yuro tano hadi kumi, ambazo ndizo ninazonunua hapa Mainz, Ujerumani, kwa matumizi ya nyumbani na ndizo zitakazozungumziwa katika mwongozo huu. Zabibu yenyewe ni mwenyeji wa siku nyingi katika bonde hili la mto Rhine: hati ya hesabu ya tarehe 13 Machi 1435 kutoka Rüsselsheim, mji ulio jirani, inataja ununuzi wa miche iliyoitwa "riesslingen", na hiyo ndiyo kumbukumbu ya maandishi ya zamani zaidi inayojulikana kuhusu aina hii ya mizabibu.

Kabla ya kufungua pochi, shika jambo moja: Riesling ni mvinyo wa uchachu. Utamu unaweza kuwapo au usiwepo, lakini uchachu haukosekani, nao ndio unaofanya kazi mezani. Mtu aliyelelewa katika nyumba ambayo samaki hafikishwi mdomoni bila kukamuliwa ndimu ameshaelewa nusu ya somo, kwa kuwa glasi ya Riesling kando ya sahani hufanya kile kile ambacho ndimu, ukwaju au achari ya embe hufanya ndani ya sahani.

Hatua ya kwanza: nunua chupa tatu kwa pamoja

Chupa moja haikufundishi kitu, maana ulimi hupima kwa kulinganisha. Alika marafiki watano, changeni fedha, mnunue chupa tatu zinazotofautiana kwa makusudi. Ya kwanza iwe na neno trocken, ambalo maana yake ni mvinyo mkavu, nayo itoke Pfalz au Rheinhessen, maeneo yanayotoa Riesling iliyojaa mdomo kidogo. Ya pili iandikwe feinherb na itoke Mosel, yaani bonde la mto wa jina hilo. Neno hilo halina kipimo cha kisheria, lakini wakulima hulitumia kwa mvinyo ulioachiwa sukari kidogo, usio mkavu wala mtamu. Ya tatu iwe Kabinett (neno nitakalolieleza katika hatua ya pili) ya Mosel isiyo na neno trocken wala feinherb popote kwenye lebo, na hiyo kwa kawaida itakuwa tamu.

Katika supamaketi za Ujerumani chupa za aina hizi mara nyingi huwa kati ya yuro tano na tisa. Ukitaka nafuu zaidi, inama uangalie rafu ya chini kabisa, mahali zinapopangwa chupa za lita nzima zenye kifuniko cha kusokota. Wakulima wengi hujaza mvinyo wao wa kila siku katika chupa hizo, wenyeji hununua kwa kreti, na mgeni huzipita akidhani ni za kupikia. Mimi nilizipita kwa miaka miwili.

Hatua ya pili: soma namba kabla ya maneno

Lebo za Kijerumani zina sifa mbaya ya kuchosha macho, lakini unahitaji vitu vichache tu, na cha kwanza ni namba ya kiwango cha kileo, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Namba hiyo ndiyo msema kweli wa lebo nzima. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo. Mtengenezaji akiiacha imalize kazi, sukari huisha na kileo hupanda. Akiikatiza njiani kwa kuupoza mvinyo na kuuchuja, sukari hubaki na kileo huwa kidogo. Kwa hiyo Riesling yenye asilimia 7.5 hadi 9 ni tamu waziwazi, yenye 10 hadi 11 huwa katikati, na yenye 12 kwenda juu kwa kawaida ni kavu. Kanuni hii imeniokoa mara nyingi kuliko ushauri wa wauzaji.

Sheria nayo ina mipaka yake. Mvinyo unaweza kuitwa trocken ukiwa na sukari hadi gramu 9 kwa lita, ili mradi sukari hiyo isiuzidi uchachu kwa zaidi ya gramu 2, na halbtrocken, yaani nusu mkavu, unaweza kufika gramu 18. Utaona kwamba watunga sheria hawakupima sukari peke yake bali waliipima dhidi ya uchachu, na sababu yake utaionja mwenyewe katika hatua ya tano.

Maneno Kabinett, Spätlese na Auslese huwakosesha wengi. Hayasemi utamu uliomo ndani ya chupa, bali yanasema zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani siku ya kuvunwa, kwa kupima sukari iliyokuwa katika maji yake kabla hayajaanza kuchachuka. Ndiyo maana unaweza kukuta chupa iliyoandikwa Spätlese trocken: zabibu ziliiva sana, lakini sukari yote ikaliwa na hamira. Anayenunua Spätlese kwa kudhani ni lazima iwe tamu atashangaa, na anayeikwepa kwa dhana hiyo hiyo atakosa.

Mwisho, tafuta neno Gutsabfüllung au Erzeugerabfüllung. Yote mawili yanaonyesha kwamba aliyejaza chupa ndiye aliyezalisha, akiwa mkulima mwenyewe au ushirika wa wakulima. Neno Abfüller peke yake huonyesha kampuni iliyonunua mvinyo kwa wengine ikaujaza. Bei ya chupa mbili hizi inaweza kutofautiana kwa yuro moja au mbili tu, na kwa uzoefu wangu hizo ni fedha zilizotumika vizuri.

Msomaji aliye nje ya Ujerumani asikate tamaa. Riesling ya bei ya wastani hutoka pia Alsace nchini Ufaransa, ambako kwa kawaida huwa kavu, Clare Valley na Eden Valley nchini Australia, ambako huwa kavu na yenye harufu kali ya ndimu, na Columbia Valley katika jimbo la Washington nchini Marekani. Baadhi ya chupa huwa na mstari mgongoni wenye hatua nne kutoka mkavu hadi mtamu, na alama inayoonyesha chupa hiyo imeangukia wapi. Tahadhari moja inawahusu wanaonunua mivinyo ya Afrika Kusini, ambayo imejaa katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam: kinachoitwa Cape Riesling si Riesling hata kidogo, bali ni zabibu nyingine inayoitwa Crouchen Blanc, na kwa miaka mingi Riesling ya kweli iliuzwa huko kwa jina la Weisser Riesling au Rhine Riesling. Welschriesling ya Ulaya ya kati nayo imeazima jina tu, hakuna undugu.

Hatua ya tatu: poza, lakini usigandishe

Riesling hunyweka vizuri ikiwa kati ya nyuzi 8 na 10 za Selsiasi. Iweke kwenye friji kwa saa tatu, kisha itoe robo saa kabla ya kumimina. Ukichelewa, chukua ndoo, weka barafu na maji, tupia konzi ya chumvi, uzamishe chupa hadi shingoni kwa dakika ishirini. Maji ni ya lazima, kwa sababu barafu tupu huigusa chupa hapa na pale tu. Usiiweke kwenye friza ukijiambia kwamba utakumbuka. Mimi nilijiambia hivyo, nikakumbuka asubuhi, na nikatumia saa nzima kuchambua vipande vya glasi kutoka katika mfuko wa maharage yaliyogandishwa.

Mvinyo uliopoa kupita kiasi hauna harufu, na hapo fedha yako imepotea. Uliopata joto huonyesha sukari yake na kuficha uchachu, na hasa Kabinett hulegea ikawa kama soda iliyosahaulika juani.

Hatua ya nne: mimina kidogo, unuse kwanza

Glasi yoyote yenye shina na mdomo uliobana kidogo kuliko tumbo lake inafaa. Jaza theluthi tu, shika shina ili kiganja kisipashe mvinyo joto, zungusha mara mbili tatu, kisha ingiza pua bila haya. Anza na trocken, fuata feinherb, malizia na Kabinett. Mpangilio huu haugeuzwi, kwa sababu anayetangulia na tamu ataikuta kavu imekuwa limau tupu.

Usijilazimishe kutaja maua ya milimani ambayo hujawahi kuyaona. Anza na matunda ya sokoni: je, ni ndimu, au ganda la chungwa, au tufaha la kijani lililokatwa sasa hivi? Katika chupa ya Pfalz unaweza kukutana na pichi au nanasi lililoiva. Katika ile ya Mosel wengi husikia harufu ya jiwe lililolowa mvua, na hukumbuka mawe meusi yanayopasuka kwa mabapa ambayo mizabibu ya huko imeoteshwa juu yake. Miteremko ya bonde hilo ni mikali ajabu. Ule wa Calmont huko Bremm una mahali panapofikia nyuzi 65, ambapo kazi hufanywa kwa mikono na mvunaji huhesabu hatua zake. Ndiyo sababu mvinyo wa miteremko hiyo ni ghali, na chupa nyingi za bei nafuu za Mosel hutoka katika mashamba ya tambarare au yenye mwinamo wa kawaida.

Kuna harufu moja inayowashtua wanaoanza, nayo ni ya mafuta ya taa. Aliyewahi kusoma kwa koroboi ataitambua mara moja. Hutokana na kemikali inayojengeka katika mvinyo kadiri unavyokaa, na huwa na nguvu zaidi kama zabibu zilipigwa sana na jua, jambo linaloifanya isikike mapema katika Riesling za Australia. Ikiwa kidogo nyuma ya ndimu ni alama ya ukoo wa zabibu hii. Ikiwa imefunika kila kitu, una haki ya kutoipenda. Vivyo hivyo usitupe mvinyo kwa kuona chembe nyeupe kama chumvi chini ya chupa: ni fuwele za asidi ya zabibu zilizoganda kwa baridi, nazo hazina madhara.

Hatua ya tano: tenganisha uchachu na utamu

Piga funda la wastani, lizungushe mdomoni kama anayesukutua, kisha meza au tema katika kikombe. Anayeendesha gari ateme, na hilo si utovu wa adabu katika meza ya kuonja. Baada ya hapo inamisha kichwa, acha mdomo umefumbwa kidogo, uhesabu. Mate yanayokuja chini ya ulimi ndiyo kipimo cha uchachu. Kwa trocken ya kawaida utahesabu hadi kumi kabla hayajapungua.

Ugumu huanza kwenye Kabinett, kwa sababu sukari huuficha uchachu na uchachu huificha sukari. Nenda jikoni ufanye jaribio lisilo na gharama. Chukua glasi tatu za maji, kamulia kila moja nusu ndimu, ya kwanza iache hivyo, ya pili tia kijiko kidogo cha sukari, ya tatu vijiko vitatu. Onja kwa kufuatana. Ndimu ni ile ile katika glasi zote, lakini glasi ya tatu inaonekana kuwa na ukali mdogo zaidi, ingawa mate hutoka kama kawaida. Sasa rudi kwenye Kabinett. Nyingi kati yake huwa na gramu 30 hadi 50 za sukari kwa lita, wakati soda ya kola ina takriban gramu 106. Na kwa kuwa uchachu wake mara nyingi ni gramu 7 hadi 9, mdomo humaliza ukiwa umesafika badala ya kunata. Chupa tamu iliyowakimbiza watu mwanzoni mwa mwongozo huu ni ile ambayo sukari ilikuwa nyingi na uchachu haukutosha kuisawazisha. Andika mambo matatu kwa kila glasi: mate yalidumu kwa muda gani, utamu uliusikia lini, na ladha ya mwisho ilikuwa ya nini.

Hatua ya sita: visahani vitano kabla ya chakula

Panga visahani vya korosho zenye chumvi, matango yaliyokamuliwa ndimu, kipande cha samaki katika tui la nazi, kitu chenye pilipili, na tende. Kula kidogo, onja glasi zote tatu, kunywa maji, nenda kinachofuata.

Chumvi hulainisha trocken na kuifanya ijae mdomoni. Tango la ndimu hupunguza ukali wa mvinyo wowote, kwa kuwa ulimi uliokwisha kuzoea uchachu haushtuki tena. Nazi huionyesha feinherb katika siku yake njema: mafuta ya tui hukatwa na uchachu, na utamu mdogo wa mvinyo hukutana na utamu mdogo wa nazi. Tende huiua trocken papo hapo, ikabaki kama maji ya limau, na hata Kabinett hupungua. Somo la pilipili ni kubwa kuliko yote: kileo huuzidisha moto wa pilipili na sukari huutuliza, kwa hiyo Kabinett ya asilimia 8 hupoza mahali ambapo trocken ya asilimia 13 huchochea. Niliwahi kuwaandalia wageni kuku wa pilipili ya kukaanga nikawamiminia trocken nzito niliyoinunua kwa fahari. Baada ya dakika tano glasi zilikuwa zimejaa na jagi la maji lilikuwa tupu.

Hatua ya saba: sahani kamili

Kwa samaki wa kupaka, chagua feinherb. Sahani hiyo ina mambo manne kwa wakati mmoja, yaani moshi wa mkaa, mafuta ya nazi, ukali wa ndimu au ukwaju na pilipili ya wastani, na mvinyo mkavu hushughulikia mawili tu kati ya hayo. Onjeni mchuzi kabla ya kufungua chupa. Kama mpishi ameongeza pilipili, hamieni Kabinett bila kusita. Biriani nayo huenda na feinherb, kwa sababu ya vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vitamu.

Trocken ni ya vyakula vya mafuta na chumvi: samaki wa kukaanga na chipsi, au kitimoto iliyokaangwa ikaletwa na ndizi na kachumbari. Wajerumani wenyewe hula nguruwe na Riesling kwa kila namna, na watu wa Alsace huipika kabichi yao iliyochachushwa kwa mvinyo huo huo kisha wakaipanga juu yake soseji na nyama ya chumvi. Hapa Mainz chakula cha kuanzia jioni ni Spundekäs, jibini laini iliyopondwa na kitunguu na paprika, inayochotwa kwa bretzeli, yaani vimkate vya kusokotwa, ndogo zenye chumvi. Kwa fedha kidogo sijaona mwenzi bora wa Riesling kavu ya chupa ya lita.

Mishkaki yenye pilipili, vyakula vya Kithai na kuku wa viungo vikali ni vya Kabinett. Nyama ya ng'ombe iliyochomwa hadi ikaungua kingo, au mchuzi mzito wa mifupa, haifai kwa yoyote kati ya hizi tatu, maana mvinyo hupotea kabisa. Kaimati zilizolowa shira pia ziache, kwa sababu mvinyo unaonywewa pamoja na kitu kitamu unapaswa kukizidi kwa utamu, na Riesling ya namna hiyo haipatikani kwa bei tunayozungumzia. Kaimati zina chai yake. Kama lazima kuwe na kitu cha mwisho, kata embe lisiloiva sana, ulile na kilichobaki cha Kabinett.

Vyakula vingi nilivyovitaja vimetoka katika nyumba ambazo kileo hakiingii kwa sababu ya dini, na mwenyeji mwenye busara hujiandaa kwa hilo. Riesling iliyoandikwa alkoholfrei, yaani isiyo na kileo, haitoshi, kwa kuwa kisheria inaweza kubaki na kileo kisichozidi nusu asilimia. Nunua Traubensaft nyeupe, ambayo ni maji ya zabibu yasiyochachushwa na wakulima wengi huiuza, uichanganye nusu kwa nusu na maji ya soda, ukamulie ndimu, uimimine katika glasi zile zile zenye shina.

Hatua ya mwisho: salio

Funika chupa na uirudishe kwenye friji ikiwa imesimama wima. Trocken hudumu siku tatu hadi tano, na Kabinett hufika wiki bila malalamiko. Mara nyingine huwa na harufu nzuri zaidi siku ya pili. Salio lisilotosha glasi mbili huongezwa maji ya soda baridi, nusu kwa nusu, likawa Weinschorle, kinywaji ambacho wenyeji wa Pfalz hukinywa katika glasi ya nusu lita wakati wa kiangazi. Na likiwa chini ya hapo, kaanga kitunguu na kitunguu saumu kwa siagi, mimina mvinyo uliobaki, tia kome waliosafishwa, ufunike sufuria kwa moto mkali kwa dakika tano au sita hadi magamba yafunguke, uwatupe wote ambao hawakufunguka.